Batamzinga Aliyeitwa Makokha

Siku hizi kuku anafika nyumbani tayari yuko uchi, amefungwa kwenye plastiki, miguu imekunjwa kifuani kama mtu anayesikia baridi. Hakuna anayenyonyoa, hakuna anayebabua. Ndiyo maana juzi, nikipita nyuma ya soko la Kawangware kumtafuta fundi wa viatu, harufu ya manyoya yanayoungua iliponipiga puani nilisimama katikati ya njia. Mkokoteni ukanipita huku mwenyewe akinitukana, na mimi bado nimesimama. Mama mmoja alikuwa akibabua jogoo juu ya moto wa vibao. Akaniuliza, "Mama, unataka mguu ama kifua?" Sikutaka mguu wala kifua. Nilikuwa mtoto tena, mtaani Woodley, nyuma ya nyumba yetu, na nilikuwa na hasira ya kumng'ata mtu.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka ule mtihani wa sikio. Kabla ya kuingia darasa la kwanza mwalimu alikushika kichwa, akaupitisha mkono wako wa kulia juu ya utosi, akangoja kuona kama vidole vitaligusa sikio la kushoto. Vyangu havikugusa. Vilikomea hewani, nikivuta na kuvuta mpaka kwapa likaniuma. "Mrudishe mwaka ujao," mwalimu akamwambia mama, wala hakuniuliza kama najua kuhesabu. Nilikuwa najua kuhesabu! Watoto wote wa jirani wakaanza shule, mimi nikarudishwa nyumbani kwa kosa la mkono mfupi.

Nyumbani kulikuwa na kufuli. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mama alikuwa akipiga taipu katika nyingine, na wote walipanda basi asubuhi. Wazungu walikuwa wakihama Woodley mmoja mmoja nasi tukiingia, na nyumba yetu bado ilinuka polishi yao ya sakafu. Kuzunguka uwanja kulikuwa na ua wa kayaba, miiba mirefu kama kidole changu, na mbele lango la chuma. Baba alilifunga kwa nje akaondoka na ufunguo. Tuliobaki ndani ni mimi na nyanya yangu, mama yake baba.

Kufuli hilo lililetwa na Nyanya mwenyewe, kwa namna yake. Baba alimtoa Bungoma baada ya mazishi ya babu, ati aje apumzike mjini. Alipumzika wiki moja. Asubuhi moja akatoka na fimbo yake mkononi, akashika barabara ya Ngong, akilipa jua mgongo, akiamini kwamba akitembea tu bila kukata kona atafika kwao. Walimpata Dagoretti Corner ameketi kando ya bucha, anawauliza watu njia kwa Kibukusu, na watu wanamcheka. Baba hakumgombeza. Baba alikuwa mpole, na hilo ndilo lililonikera, kwa sababu mtu mpole huwezi hata kumnunia. Alinunua kufuli akasema, "Ni kwa usalama wenu, Mama." Nyanya akalitazama lile kufuli kama mtu anayeonyeshwa shamba alilowahi kulima. Akaingia ndani, akakaa.

Fimbo ile ilikuwa ya babu. Nyeusi, ngumu, imelainika kichwani pale mkono uliposhika. Nyanya hakuiacha hata akienda chooni, na usiku aliilaza kando ya kitanda upande wa ukutani. Jina la babu hakulitaja kamwe. Baba akisema tu "Mzee Makokha," Nyanya aliinuka akatoka nje, hata kama ugali ulikuwa bado mkononi. Mimi nilikuwa nikimtazama nikiwaza: haya ndiyo mapenzi! Baba na mama waligombana juu ya mafuta ya taa na nani alisahau kuzima redio, lakini Nyanya alimpenda mtu hata jina lake halitamkiki. Nilimwonea huruma sana. Nilikuwa mtoto, na hivyo ndivyo nilivyosoma mambo.

Basi, Jumamosi moja ikaja gari la mizigo. Bosi wa baba, Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, alikuwa anagawa vitu vyake. Sisi tulipata meza, viti viwili visivyolingana, mbwa na batamzinga. Mbwa aliruka chini mwenyewe, ana mkanda shingoni, anatikisa mkia kama mwenye nyumba. Dereva akasema, "Huyu anaitwa Bruno." Kisha akashusha kikapu, na ndani ya kikapu kuna kitu kikubwa cheusi kinachofoka. "Na huyu ni wa Krismasi."

Mnaona? Mmoja aliletwa na jina, mwingine akaletwa na siku yake. Wala hapakuwa na mtu pale aliyeona ajabu.

Bruno sikumpenda, sitadanganya. Alikuwa mvivu, alikula mayai ya majirani, na usiku alibweka akiota. Lakini batamzinga, lo! Alikuwa na kipande cha nyama kinachoning'inia juu ya mdomo, kikibadilika rangi kutoka nyekundu kuwa buluu akikasirika. Na alikasirika kila wakati, kama mimi. Ukipiga chafya anajibu: goro-goro-goro! Ukiangusha sufuria, goro-goro-goro! Aliniandama uwanja mzima, nikikaa chini ya tangi la maji naye anakaa, nikimweleza jinsi mwalimu alivyonionea naye anageuza kichwa, jicho moja kwanza, halafu la pili. Mchana kutwa tulizunguka ndani ya kayaba ile, sisi wawili, na Nyanya mlangoni na fimbo yake. Nilikuwa sina mtu mwingine. Hayo si maneno ya kutia chumvi, sikuwa na mtu mwingine kabisa.

Kitu pekee alichokiogopa ni fimbo ya Nyanya. Alishawahi kuchapwa nayo mara moja tu, siku alipoingia jikoni na kuparamia unga. Tangu hapo akiiona anafyata, shingo inaingia ndani, kimya.

Mvua fupi zilipoanza nilijua Krismasi inakuja, maana mama alianza kusema "tutakapomchinja" badala ya "tukimchinja." Nikaamua kutafuta sababu. Kama Bruno haliwi, kuna sababu, na nikiipata nitampa rafiki yangu.

Nilianza na baba, Jumapili mezani. "Baba, kwa nini Bruno hatumli?"

Baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mbwa ni askari, Naliaka. Analinda nyumba. Utakula askari?"

Bruno alikuwa chini ya meza anakoroma. Nikaenda nikamfundisha batamzinga ulinzi, na wala hakuhitaji mafunzo mengi. Jumamosi iliyofuata, lango likiwa wazi, alikuja jamaa wa kusoma mita ya stima. Batamzinga akamkimbiza kuzunguka nyumba mpaka jamaa akapanda juu ya tangi. Kofia yake ilidondoka, na Bruno akaichukua akaenda kuilalia. Nikamwambia baba, "Umeona askari ni nani?" Baba akafuta machozi ya kicheko. "Ni askari mzuri," akasema. "Askari wa Krismasi."

Nikamwendea mama. Mama akasema mbwa ni mchafu, anakula uchafu, hata Biblia imemkataa. Lakini Bruno alikuwa anaogeshwa kwa sabuni! Na chakula chake kilikuwa matumbo kutoka machinjio ya Dagoretti, yameoshwa na kuchemshwa, mpaka Nyanya alikuwa anasonya akipita jikoni: "Matumbo! Kwetu mtu anavaa koti akiitwa kula matumbo, huku ni ya mbwa." Batamzinga alikula mahindi na majani, na maji alikunywa ya bomba. Nikamweleza mama kwamba kwa sheria yake tungemla Bruno, tumwache mwenzake. Akanivuta sikio, lile lile lisilofikika.

Jirani yetu wa upande wa pili wa kayaba alikuwa Mama Mutuku, Mkamba mmoja mcheshi, mnene, aliyefuga sungura kwenye vibanda. Watoto wa Mzungu waliohama walikuwa wamewaacha wale sungura kama vipenzi, na yeye akawafanya kitoweo. Nilimwita kwenye tundu la ua.

"Mama Mutuku, unawezaje kuwala na wana macho mazuri?"

"Siangaliangi macho," akasema. "Mimi nikilisha naangalia kando, hivi. Mkono unaenda, macho inabaki kwa barabara. Na jina siwapi! Hiyo usijaribu, mtoto. Mnyama ukishampa jina, basi, umemwoa. Utakula bwana yako?" Akacheka mpaka vibanda vikatikisika.

Niliondoka pale nikiwa nimepata. Jina! Lakini jina gani? Nilishajaribu kumwita Askari, nikajaribu kumwita Kaisari, na baba alikuwa akiyatumia bila wasiwasi wowote: "Askari ameongezeka mapaja," na kadhalika. Ilionekana si kila jina linafaa. Lilitakiwa jina lenye mtu ndani yake.

Sasa, kwetu jina la mtoto halichaguliwi tu hivi hivi. Nyanya alipenda kunisimulia langu, ndiyo hadithi pekee aliyoisimulia akitabasamu. Nilipozaliwa nililia bila kunyamaza, titi nikalikataa, mpaka akina mama wakakaa wakaanza kuwataja wafu wa ukoo, mmoja mmoja. Wakimtaja huyu nalia, wakimtaja yule nalia. Nyanya akasema, "Ama ni dada yangu, Naliaka?" Nikanyamaza pwaa, nikashika titi. Basi ikawa mimi ni Naliaka, na tangu siku hiyo Nyanya mwenyewe akiniongelesha vizuri aliniita dada.

Kabla sijafikia kwenye jina nilimjaribu Nyanya pia, maana yeye hakula ndege kabisa. Wanawake wa umri wake, kwetu, hawakuonja kuku. Walimfuga, walimpika, walimwandaa mbele ya wanaume, na firigisi ililazwa juu ya nyama zote ili baba wa nyumba aione. Firigisi ikikosekana ilikuwa kesi. Mama yangu, ambaye alikuwa mtu wa kanisa na wa taipu, alikula kuku, lakini kwa kumheshimu mama mkwe alikula amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, haraka haraka.

"Nyanya, kwa nini huli kuku?"

"Tuliambiwa mwanamke akila kuku hatatulia nyumbani. Ataparuza boma za watu."

"Na batamzinga ni kuku?"

"Si kuku wa Wazungu huyo?"

"Basi hutamla! Mwambie baba asimchinje."

"Kutomla si kumwokoa, dada. Mimi nimepika kuku tangu nikiwa msichana mdogo, na sijaonja hata mchuzi. Chumvi napima kwa macho. Ikizidi, nachapwa. Ikipungua, nachapwa." Alisema hivyo huku akichambua mrenda, kwa sauti ile ile ya kusema mvua itanyesha, na mimi nikapita nalo kama sikulisikia. Akili yangu yote ilikuwa kwa rafiki yangu.

Siku moja kabla ya Krismasi baba hakwenda kazini. Alikuja na baba mdogo Barasa, ndugu yake aliyekuwa kibarua huko viwandani, mtu wa mzaha mwingi, na lango likabaki wazi kwa ajili ya wageni. Wakakaa kwenye ngazi ya nyuma wananoa kisu. Mnajua ile sauti ya kisu kwenye saruji. Batamzinga alikuwa amefungwa mguu kwenye bomba chini ya tangi, na kila kisu kilipolia alijibu, goro-goro-goro, mjinga wa watu, akidhani anaongeleshwa.

Nikakimbia nikapiga magoti mbele yake. Nikaanza kuwataja wafu wetu kwa sauti, wote niliowasikia kwa Nyanya. "Ama wewe ni Simiyu?" Goro-goro! "Ama ni Wanjala?" Goro-goro-goro! Baba mdogo akaanza kucheka. "Tazama huyu mtoto, anatafutia kitoweo jina!" Sikumjali. "Ama ni Nabwile?" Goro! Majina yalikuwa yananiishia. Nikavuta pumzi nikasema lile nililojua ni kubwa kuliko yote, lile lisilosemwa.

"Ama wewe ni Makokha?"

Akanyamaza.

Si kupunguza sauti, kunyamaza kabisa. Shingo ikaingia ndani ya mwili, kile kinyama cha mdomoni kikawa buluu, halafu cheupe. Na kisu nacho kikanyamaza. Baba alikuwa amesimama.

"Umesema nani?"

"Makokha. Ni babu. Umeona amenyamaza?"

Baba mdogo hakuwa anacheka tena. "Weka kisu chini kwanza, ndugu yangu. Hiyo kitu imenyamaza kweli."

"Sisi ni Wakristo, Barasa."

"Basi chinja."

Baba hakuchinja. Alikuwa karani, mtu wa kalamu mfukoni na tai shingoni, lakini alikitazama kile kisu, akamtazama ndege, na nikaona mkono wake unashuka. Alikiweka kisu kwenye ngazi polepole, kama anakirudisha kwa mwenyewe. Furaha niliyoisikia, jamani, sijawahi kuisikia tena, hata siku ya harusi yangu. Nilimkumbatia batamzinga shingo. Nikageuka nimwambie Nyanya, na Nyanya alikuwa pale pale nyuma yangu, mlangoni, amesimama na fimbo.

Alishuka ngazi. Akaja mpaka kwenye bomba. Batamzinga akarudi nyuma mpaka kamba ikamkataza, akabaki amejibana ukutani.

"Nani amemwita hivyo?" Nyanya akauliza.

"Mimi, Nyanya. Ili usikae peke yako. Kwa sababu unampenda."

Aliniangalia. Akaiangalia fimbo mkononi mwake. Akainyanyua kidogo tu, na yule ndege mkubwa akajikunja akafumba macho. Nyanya akaishusha. Akainyanyua tena. Ndege akajikunja tena.

"Hakunyamaza kwa jina," akasema. "Amenyamaza kwa hii." Akaishusha chini, akasema: "Na mimi nilikuwa nanyamaza hivi hivi. Hata shingo, hivi hivi."

"Mama," baba akasema kwa sauti ya chini, "mtoto anasikia."

"Asikie. Wewe ulisikia ukiwa mdogo kuliko yeye." Akarudi kwenye ngazi, akainama akaokota kisu. "Barasa, shika miguu."

"Mama, kuchinja si kazi ya mwanamke!"

"Huyu bwana nimempikia maisha yangu yote," Nyanya akasema. "Leo nampika yeye, kisha nipumzike."

Nilipiga mayowe. Nilimrukia, nikampiga ngumi mgongoni, nikapiga na kupiga, nikimwita mchawi na kila neno baya nililojua. Hakugeuka wala hakunisukuma, alinyoosha tu mgongo akangoja nichoke, na alijua kungoja. Mama ndiye aliyetoka jikoni akanibeba juu juu. Nilimponyoka, nikakimbilia langoni. Lango lilikuwa wazi, kufuli linaning'inia. Nikasimama pale nikiangalia mtaa na basi linapita huko mwishoni, kwenye barabara ya Ngong. Mwaka mzima nilikuwa nimelililia lango hilo lifunguliwe, na sasa liko wazi na sina pa kwenda. Nyuma yangu kukatulia. Baadaye kidogo harufu ya manyoya ikaja.

Nilirudi. Mtoto wa miaka ile ataenda wapi? Nyanya alikuwa amewasha moto wa mawe matatu nyuma ya nyumba, maana jiko la makaa lisingemtosha. Alikuwa anambabua, anamgeuza, mikono imejaa masizi. Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi na uso kwenye viganja, na Bruno amemlalia miguu. Fimbo ilikuwa motoni. Kuni zilikuwa zimepungua, na Nyanya alikuwa ameisukuma ile fimbo katikati ya mawe, kichwa mbele, akiisogeza kila ilipoungua. Ilikuwa ngumu kushika, ilitoa moshi mwingi kabla ya kukubali.

"Hii inaujua mgongo wangu wote," akaniambia bila kunitazama. Nikakaa mbali naye, nikinusa, nikimchukia.

"Si uliileta kutoka nyumbani? Si ulikuwa unalala nayo?"

"Ningemwachia nani? Mtu akifa wanawe wanagawana vitu vyake. Huyu koti, huyu kiti, huyu fimbo. Nikasema hii haitagawanywa. Mmoja wao angeichukua, na ana mke." Akaisogeza tena. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, na nikaona ameinamisha macho.

Baba akainuka. Akamfunga Bruno kamba, akatoka naye langoni, akaondoka taratibu kuelekea barabarani, na baba mdogo akamfuata. Hawakufunga. Lango lilibaki wazi alasiri ile yote na hakuna kati yetu aliyelisogelea.

Tangu wakati huo nimeishi nikisikia sababu. Mjukuu wangu ana paka anayelala juu ya mto wangu, na jioni anamlisha vipande vya kuku kwa mkono, na ukimuuliza anakwambia paka ni wa familia. Mwingine anakwambia hali mbuzi aliyemwona akiwa hai. Mwingine anakula kila kitu, ila sungura, ati wana uso. Mimi nawasikiliza tu. Nilishazitafuta sababu zote nikiwa sijafika darasa la kwanza, nikaipata ile nzuri kuliko zote, nikaitundika shingoni mwa rafiki yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Na wakati wa Krismasi bado sili ndege katika nyumba ya mtu yeyote. Nasema daktari amenikataza.

Mchuzi ulipochemka Nyanya alichota na kijiko, akamimina kiganjani, akakaribia mdomo. Mkono ukasimama njiani. Mama na mimi tulikuwa tunamtazama. Akalamba. Akafikiri.

"Inataka chumvi," akasema, akaongeza.

Tulikula nje, sisi watatu, kwenye mkeka kando ya moto. Mama aliketi chini mbele ya mama mkwe wake, akala nyama ya ndege mchana kweupe, akitafuna taratibu, na machozi yanamtiririka wala hayafuti. Mimi nilifunga mdomo. Niliapa sitakula hata nife, nikakunja mikono, na njaa inanikata, na harufu ile imejaa kila mahali mpaka kwenye nywele zangu.

Nyanya akachukua firigisi. Ilikuwa kubwa, ya batamzinga, imelazwa juu ya nyama zote kama inavyotakiwa, ila mwenye kuitazamia hayupo. Akaikata katikati. Nusu moja akaiweka kwenye sahani yangu.

"Sitaki."

"Najua."

"Alikuwa rafiki yangu."

"Najua, dada. Yule mwenye jina, babu yako, hakuwa rafiki wa mtu. Huyu alikuwa na bahati, amepata wa kumlilia." Akaishika ile nusu yake kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga, huku na huku, kitu alichokiosha na kukipika na kukiandaa maisha yake yote. Akaitia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu, macho kwenye lango lililo wazi, uso haumwambii mtu kitu. Akameza.

"Kumbe ni nyama tu," akasema, akanisogezea sahani.